Debian inatafuta watu wa kujitolea, na kazi nyingi hazitaki uwe mwandishi wa programu

#1 Fundi_Sid

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya siku chache anaingia kijana humu na swali lilelile: nataka kuchangia programu huria, nianzie wapi? Anajibiwa "kajifunze C kwanza", anaaga, hatumwoni tena. Uzi huu ni wa mfumo endeshi mmoja tu, Debian. Ndio ninaoutumia kazini, na mapengo yake yameandikwa hadharani, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha wapi pana shida.

Kwa wasioujua: aliuanzisha Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Hakuna kampuni inayoumiliki. Ubuntu, ambayo wengi wetu tulianza nayo (wale wa enzi za CD za bure zilizokuja kwa posta mnanielewa), imejengwa juu yake. Toleo la 13, trixie, lilitoka Agosti 2025 likiwa na vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) karibu 70,000. Wanachama rasmi wa mradi ni kama elfu moja tu, wa kujitolea, na kama watu wote wanachoka, wanapata watoto, wanabadilisha kazi. Katiba ya mradi inasema waziwazi kwamba haimlazimishi mtu yeyote kufanya kazi. Kwa hiyo kifurushi kikikosa mwenyewe, hakuna bosi wa kumwambia fulani akichukue. Kinabaki yatima.

Orodha ya mayatima hao inaitwa WNPP. Alama yake O maana yake kimeachwa kabisa. RFA, mlezi bado yupo ila anatafuta wa kumkabidhi. RFH, mlezi haondoki lakini kazi imemwelemea. Halafu kuna ITP na RFP, za programu ambazo bado hazijaingizwa. Kwa mgeni nasema hivi: ITP achana nayo. Kila mgeni anakuja na programu yake aipendayo anataka iingie, inaingia, anapotea, na orodha ya mayatima inarefuka. Anza na RFH au O, tena ya kitu unachokitumia mwenyewe, maana kikiharibika utajua kabla ya wengine.

Utajuaje kipi? Sakinisha kifurushi kinachoitwa how-can-i-help. Tangu hapo, kila ukisakinisha au kusasisha kitu kwa apt (amri ya Debian ya kusakinisha programu), mwishoni kinakutajia vilivyomo kwenye mashine yako ambavyo havina mlezi, vinavyoomba msaada, na vilivyo hatarini kutolewa. Pia kinakutajia hitilafu zenye alama ya newcomer, yaani zile ambazo walezi wameziacha makusudi kwa ajili ya wageni.

Anayetaka kuuliza aulize. Nitarudi usiku.

#2 kaka_bando

Naweka kambi. Swali moja tu mkuu: inalipa?

#3 Fundi_Sid

Debian yenyewe hailipi. Kuna njia mbili za pembeni ninazozijua. Freexian ni kampuni inayokusanya fedha kwa wadhamini na kuwalipa wachangiaji kwa saa ili matoleo ya zamani yaendelee kupata marekebisho ya usalama, ule mpango wa LTS. Ila huko huingii bila rekodi ya kazi. Ya pili ni Outreachy, mafunzo kazini yenye posho kwa watu ambao hawaonekani sana kwenye fani hii, na Debian imeshapokea wanafunzi kupitia huko. Ukija kwa ajili ya hela ya mwezi huu, utaumia.

#4 Mzee wa Seva

Mimi nawaambia vijana ukweli. Hii habari ya kujitolea ndiyo iliyotaka kutuua mwaka 2024. Mmesahau xz, ile programu ya kubana faili? Mtu anaingia kwa jina la Jia Tan, anajitolea, anasaidia saidia zaidi ya miaka miwili, anaaminiwa, halafu anapenyeza mlango wa nyuma kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Lengo lilikuwa sshd, programu ya kuingilia seva kwa mbali, yaani seva za dunia nzima. Na nyie mnakaribisha watu wengine zaidi?

#5 Zawadi_B

Mzee wa Seva, heshima yako, lakini kisa hicho umekisoma nusu.

Jia Tan alipata nafasi kwa sababu xz ilikuwa na mtunzaji mmoja, Lasse Collin, naye alikuwa amechoka na amesema hivyo waziwazi kwenye orodha ya baruapepe ya mradi. Wakajitokeza watu wa kumsukuma kwamba anachelewa, akabidhi kazi. Mlango ulifunguliwa na upweke. Wangekuwepo watu watatu wanaosoma mabadiliko ya kila mmoja, yule bwana angepata taabu sana.

Na aliyeugundua? Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa anapima mambo yake mengine kwenye Debian sid (au unstable, tawi ambamo vifurushi vipya huingia kwanza), akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Angekuwa mwingine angenyanyua mabega. Yeye alichimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Debian stable, yaani toleo rasmi, haikuguswa, ni testing (toleo lijalo linaloandaliwa), unstable na experimental tu.

Humo ndani kuna kazi ya kujitolea ambayo hata Fundi_Sid hakuitaja: kutumia testing au sid kwenye mashine isiyo ya kazi, na kutoa taarifa unapoona kitu hakiko sawa.

#6 Mzee wa Seva

Dada, hilo la mtunzaji mmoja nakubali. Lakini sshd ya asili haikuwa na uhusiano wowote na maktaba ile ya xz. Ni Debian na wenzao walioiwekea kiraka (badiliko la msimbo) cha kuiunganisha na systemd, programu inayosimamia huduma za mashine na inayotumia maktaba hiyo, ndiyo njia hatari ikapita hapo. Na mwaka 2008 vilevile, iligundulika kwamba kiraka chao kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji, kilikuwa kimeharibu namba za nasibu, funguo zikawa za kukisiwa. Kwa hiyo mgeni akipewa kifurushi kukichezea, mimi roho inadunda.

#7 Fundi_Sid

Hoja nzito na sitaipinga kwa maneno mepesi. Ndiyo maana mgeni hawezi kupakia kitu moja kwa moja. Unatengeneza kifurushi, unakiweka mentors.debian.net, unafungua ripoti ya kuomba mdhamini, na mwanachama mwenye haki ya kupakia anakikagua mstari kwa mstari. Wengine ni wakali kweli, watakurudishia mara nyingi kwa sababu ya faili la hakimiliki tu. Wengine wanachelewa kiasi cha kukukatisha tamaa. Udhamini nao una upungufu wa watu.

Na kanuni inayotokana na mifano yako miwili ni hii: viraka vichache iwezekanavyo. Ukitengeneza kitu, kipeleke kwanza kwa wenye programu ya asili, Debian ikipokee kutoka huko.

#8 Chenza

Mimi nimeelewa RFH na O kwa nadharia. Sasa naomba hatua zenyewe. Kama mtu anakifahamu kifurushi, ni kidogo, ni yatima, afanye nini Jumamosi asubuhi akiwa na chai yake?

#9 Fundi_Sid

Haya Chenza, twende taratibu.

Kwanza ile ripoti yake ya O unaibadilisha kichwa iwe ITA, yaani unatangaza nia ya kukilea, na unajiandika kuwa mmiliki wa ripoti. Hii ni adabu, ili watu wawili wasifanye kazi moja. Halafu `apt source` na jina la kifurushi. Utapata folda ya programu, ndani yake kuna folda ndogo inaitwa debian. Kazi yako karibu yote iko humo.

Fungua debian/control. Kwenye mstari wa Maintainer utakuta Debian QA Group (kikundi cha ubora), ambao ndio walezi wa muda wa kila yatima. Weka jina lako. Kisha endesha `uscan`: inasoma faili la debian/watch na kukuambia kama wenye programu wametoa toleo jipya. Mara nyingi kwa mayatima hata hilo faili la watch limeoza, tovuti ilihama, na kulirekebisha tu tayari ni mchango. Baadaye jenga kifurushi kwa `sbuild` ndani ya mazingira safi ya unstable, si kwenye mashine yako ilivyo, kwa sababu mashine yako ina makorokoro yanayoficha makosa. Pitisha `lintian`, kikagua makosa ya vifurushi, uone inakulalamikia nini. Usijaribu kumaliza malalamiko yote siku ya kwanza.

Mwisho debian/changelog. Unaandika kwamba kuna mlezi mpya, na kwenye mstari huohuo unaweka Closes na namba ya ile ripoti ya ITA. Kifurushi kikikubaliwa, ripoti inajifunga yenyewe. Ukifika hapo unapakia mentors kwa `dput` na kuomba mdhamini.

Kama hutaki kubeba ulezi wa kudumu, usibadilishe mstari wa Maintainer. Tengeneza unachotengeneza, kipeleke kama kazi ya QA, kikubaliwe, uendelee na maisha yako. Hakuna atakayekuuliza.

#10 Nakuru_dev

Salamu kutoka Nakuru. Nyongeza ndogo kwa wenye mashine za mtumba. Huku tunanunua HP na Dell zilizotumika, kila moja na kadi yake ya Wi-Fi ya ajabu. Ukimaliza kusakinisha Debian, endesha `reportbug installation-reports` useme kilichofanya kazi na kilichogoma. Kumbukumbu za usakinishaji zinabaki ndani ya /var/log/installer, zisome kabla hujazituma. Timu ya kisakinishi inahitaji ripoti hata za mashine zilizokubali bila shida, na nadra watu huandika wakiwa na furaha.

Tangu kura ya 2022, kisakinishi rasmi kinakuja na firmware zisizo huria (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi za Wi-Fi), kwa hivyo Wi-Fi nyingi sasa zinakubali palepale. Zamani ulikuwa utafute flashi ya pili.

#11 kaka_bando

Nakuru_dev hapo kwenye mtumba umenigusa. Kuna shule jirani ina kompyuta za biti 32 zimejaa chumba. trixie zitakubali?

#12 Nakuru_dev

Hapana. Kwenye trixie hakuna tena kisakinishi wala kerneli ya i386 (biti 32), imebaki kwa ajili ya kuendesha programu za zamani ndani ya mashine za biti 64. Wawekee bookworm, yaani Debian 12, ina LTS hadi katikati ya 2028. Kwanza hakikisha kweli ni za biti 32, endesha `lscpu`. Nyingi zinazoitwa hivyo ni za biti 64 zilizowekewa Windows ya biti 32.

#13 mwalimu_wa_Lamu

Assalaam alaikum wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mtu wa kompyuta, na nimesoma uzi wote huu nikingoja mahali pa kuingilia. Sasa nina neno.

Kikagua tahajia cha LibreOffice hutumia kitu kiitwacho Hunspell. Faili la Kiswahili lipo, kwenye Debian ni kifurushi cha hunspell-sw. Lakini andika insha ya ukurasa mmoja uone mistari myekundu. Mwanafunzi wangu mmoja aliyeko chuoni alinieleza sababu, nami nikaona hapa pana kazi yetu sisi.

Hunspell iliundwa kwa ajili ya Kihangari, lugha inayorundika viambishi nyuma ya neno. Kwa kawaida inaweza kuvua viambishi viwili nyuma na kimoja mbele. Sisi tunarundika mbele. Tazama "hatutawapelekea": ha, tu, ta, wa, kisha ndipo shina. Vinne kabla hujafika kwenye kitenzi! Kuna namna ya kuigeuza ivue viwili mbele, lakini hata viwili havitutoshi. Kwa hiyo inabidi "hatutawa" yote iandikwe kama kiambishi kimoja, na vivyo hivyo "sitaki", "hamjatu", "walivyozi" na jamaa zake wote. Chukua viambishi vya mtendaji kumi na tano hivi, nyakati nane, viambishi vya mtendwa kumi na tano: 1,800 hapo hapo, kabla ya ukanushi na urejeshi.

Kijana anasema orodha hiyo hutolewa na programu fupi tu, wala si kazi. Kazi ni kusema kipi kikatwe. "Nitanipenda" si Kiswahili, ni "nitajipenda". Vitenzi vya silabi moja vina tabia zao: "atakula" ina ku, "atamla" haina, na "hali" haina. Programu ikiachwa iunganishe ovyo itakubali makosa kwa furaha, na kikagua kinachokubali makosa ni kibaya kuliko kinacholalamika. Hapa anatakiwa mtu aliyefundisha ngeli miaka mingi, tena mwenye subira.

Swali langu: kazi hiyo nikiifanya, naipeleka wapi? Na watanipokea, mimi nisiyejua hata hiyo apt?

#14 Zawadi_B

Wa alaikum salaam mwalimu. Hii ndiyo post bora ya uzi.

Ipeleke LibreOffice, kwenye hazina yao ya kamusi, maana Debian huchukua kutoka huko. Ndiyo ile kanuni ya Fundi_Sid ya kuanzia kwa wenyewe. Ikikubaliwa huko, inafika Debian, Ubuntu na kwa anayetumia LibreOffice juu ya Windows pia.

Kuhusu kupokelewa: mwaka 2010 Debian ilipiga kura kwamba wasiotengeneza vifurushi nao wanaweza kuwa wanachama kamili wenye haki ya kupiga kura. Watafsiri, waandishi wa nyaraka, wachoraji, waandaaji wa mikutano. Tofauti ni kwamba hawapakii vifurushi.

#15 Mzee wa Seva

Mwalimu, nakupa historia kidogo. Miaka ya 2000 Idara ya Sayansi ya Kompyuta pale Mlimani ilishiriki mradi wa KiLinux, na 2004 ikatoka Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Tulishangilia. Halafu OpenOffice ikaendelea kubadilika, 2010 ikazaliwa LibreOffice, menyu mpya kila toleo. Tafsiri ya programu haimaliziki, na mradi wa ufadhili una tarehe ya kumalizika. Kwa hiyo ukianza, anza na wenzio wawili watatu wa kuendeleza. Hapo ndipo nakubaliana na Zawadi_B kuhusu upweke.

#16 Zawadi_B

Mzee leo tumepatana, niweke tarehe 😂

Kwa upande wa tafsiri, timu za lugha za Debian zina utaratibu mzuri wa kuzuia kurukiana. Unaandika alama kwenye kichwa cha baruapepe: ITT, nachukua faili hili. RFR, nimemaliza, naomba mnisomee. LCFC, mwenye la kusema aseme sasa. Kisha DONE. Timu ya Kifaransa ni kati ya zile zenye nguvu sana, kwa hiyo ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura mnaosoma hapa na Kifaransa mnakiweza, ingieni huko mjifunze kazi inavyokwenda, kisha mje muanzishe ya Kiswahili mkiwa mnajua.

#17 Chenza

Fundi_Sid, nimesoma kwamba ili uwe Debian Developer (mwanachama kamili) ufunguo wako wa GPG, ule wa sahihi ya kidijitali, kwa kawaida unatakiwa usainiwe na wanachama wawili walioonana nawe uso kwa uso na kuona kitambulisho. Mimi niko Mwanza. Nitampata wapi mwanachama, ziwani?

#18 Fundi_Sid

Hilo ni lalamiko halali, na ukweli ni kwamba utaratibu huu unawabana watu wa huku kuliko wa Berlin. Kwa Debian Maintainer, ngazi ya chini yake, saini moja inatosha. Kwenye wiki ya Debian kuna ukurasa wa watu waliojitolea kusaini, umepangwa kwa nchi. Angalia kama kuna anayepita Nairobi au Dar. Mkutano wao wa kila mwaka, DebConf, hutoa msaada wa nauli kwa wachangiaji, na 2016 ulifanyika Cape Town.

Ila usingoje saini ndipo uanze. Kwa kupitia mdhamini huhitaji saini ya mtu yeyote, ufunguo wako mwenyewe unatosha. Kuripoti na kupanga hitilafu hakuhitaji hata ufunguo. Ukifika siku ya kuomba uanachama, cha kwanza watakachoangalia ni ulichofanya.

#19 kaka_bando

Mkuu la mwisho kwangu. Bando langu ni la wiki na linaisha Alhamisi. Hiyo Salsa yao, GitLab sijui, kila ukurasa unakula. Kuna kazi ya mtu kama mimi?

#20 Fundi_Sid

Ipo, tena nzuri. Mfumo wa hitilafu wa Debian unaendeshwa wote kwa baruapepe, huhitaji hata kujisajili. Chagua kifurushi unachokitumia, fungua ukurasa wake bugs.debian.org mara moja, uhifadhi. Utakuta ripoti za miaka kumi iliyopita ambazo hakuna aliyezigusa. Zima data. Jaribu kila moja kwenye mashine yako: bado ipo au imekwisha? Andika majibu yako, taja toleo ulilojaribia na hatua ulizofuata. Siku ukiwa na mtandao, tuma kwa anwani ya namba ya ripoti yenyewe. Ni kilobaiti chache kila moja. Usifunge ripoti ya mwenzio mwenyewe mwanzoni, mwachie mlezi aamue. Ukishindwa kuirudia hitilafu, sema tu umeshindwa kuirudia kwenye toleo fulani. Kwa mlezi aliyezidiwa, hiyo ni saa nzima umemwokolea.

#21 mwalimu_wa_Lamu

Nimepata wenzangu wawili, mmoja yuko Tanga. Tunaanza na vitenzi vya silabi moja, tukimaliza tunaweka orodha hapa muikosoe kabla haijapelekwa. Yule kijana wangu anauliza: faili la .aff (la viambishi) liandikwe kwa UTF-8 au?

#22 Nakuru_dev

UTF-8 mwalimu. Mstari wa kwanza wa faili uwe `SET UTF-8`, na .dic (orodha ya maneno) ihifadhiwe hivyohivyo. Mstari wa kwanza wa .dic ni idadi ya maneno, asiusahau.